Gando: Shule Iliyomfunza Aliyeichora

Ndugu msomaji, leo tunakualika katika safari ya kwenda kijiji ambacho pengine hujapata kulisikia jina lake. Kijiji hicho huitwa Gando, nacho kimo nchini Burkina Faso, nchi isiyo na bahari, Afrika ya Magharibi, ambayo hadi mwaka 1984 iliitwa Upper Volta. Kwa miaka ya karibuni mashambulio ya makundi yenye silaha yameifanya nchi hiyo kuwa ngumu kwa msafiri. Kwa hiyo safari yetu itakuwa ya ramani na picha; lakini tunakuhakikishia kwamba kuna jambo la kuonea huko.

Toka mji mkuu wa Ouagadougou, shika barabara iendayo mashariki mpaka Koupéla, kisha geuka kusini mpaka uufikie mji wa Tenkodogo. Nchi ni tambarare, udongo ni mwekundu, na miti imesimama mbalimbali katikati ya mashamba ya mtama na uwele. Kuanzia mwezi Machi hadi Mei jua huwa kali kupita kiasi, na joto huweza kupita nyuzi 40. Mvua huja kwa kishindo kwa miezi michache tu, kisha huondoka, na vumbi hurudi mahali pake. Gando kiko karibu na Tenkodogo, nacho ni kijiji cha wakulima chenye nyumba za udongo, kama vilivyo vijiji vingi ambavyo wewe na mimi tunavifahamu.

Katika kijiji hicho ipo shule ya msingi. Ukiitazama kwa mbali, utadhani bati lake linaelea hewani. Chini ya bati hilo yamepangwa madarasa matatu kwa mstari mmoja, na kati ya darasa na darasa pameachwa uwazi wenye kivuli, ambapo watoto huweza kucheza au kufundishwa. Kuta ni za tofali za udongo. Madirisha yana vibao vya kufungua na kufunga ili kuongoza mwanga na upepo. Mjini mtu angeweza kuipita shule hiyo bila kugeuza shingo. Hata hivyo mwaka 2004 ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, mojawapo ya tuzo kubwa za fani hiyo duniani. Na aliyeichora, wakati ilipokamilika mwaka 2001, alikuwa bado mwanafunzi.

MTOTO WA KWANZA KWENDA SHULE

Jina lake ni Diébédo Francis Kéré, aliyezaliwa hapo Gando mwaka 1965. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji, naye alitaka mwanawe ajue kusoma na kuandika. Gando hapakuwa na shule. Hivyo mtoto huyo, akiwa na umri wa miaka 7, aliondoka nyumbani kwenda kuishi Tenkodogo ili apate kusoma. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kijiji hicho kupelekwa shule.

Mzazi yeyote aliyepata kumpeleka mtoto mdogo akakae kwa watu anajua uzito wa jambo hilo. Huko mjini Kéré alisoma katika darasa lililosongamana watoto zaidi ya 100, lenye mwanga hafifu na joto la kumchosha hata mtu mzima. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba humo darasani, akitokwa na jasho, ndimo alimoanza kuwaza kwamba ipo siku atajenga shule iliyo bora kuliko ile.

Liko pia jambo jingine alilolisimulia, nalo ndilo kiini cha habari yetu. Kila likizo ilipomalizika na kijana akarudi masomoni, aliwapitia wanawake wa kijiji kuwaaga. Kila mmoja wao alifungua fundo la nguo yake, akatoa senti yake ya mwisho, akampa. Kijana alimwuliza mama yake sababu ya watu maskini kumpa fedha. Mama alimweleza kwamba wanachangia masomo yake, wakitumaini kuwa siku moja atarudi kuwasaidia waishi vizuri zaidi. Hapakuandikwa mkataba wala kutolewa stakabadhi. Lilikuwa deni lisilo na karatasi, na deni la namna hiyo ndilo zito kuliko yote.

SEREMALA MCHANA, MWANAFUNZI USIKU

Mwaka 1985 Kéré alipata nafasi ya kwenda Berlin, Ujerumani, kujifunza useremala. Mchana alifundishwa kutengeneza mapaa na samani. Usiku alihudhuria masomo ya sekondari. Ilimchukua miaka 10 mpaka kupata nafasi ya kusomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, mwaka 1995. Alikuwa na umri wa miaka 30, umri ambao wengi wetu tunadhani mlango wa shule umekwisha kufungwa.

Kwa desturi, ndugu msomaji, mwanafunzi wa usanifu hukua kwa kupewa kazi za kubuni. Leo huambiwa achore nyumba ndogo, kesho soko, keshokutwa hospitali. Huchora, hutengeneza mfano mdogo wa karatasi au ubao, kisha husimama mbele ya walimu wake na kuueleza. Walimu hukosoa, naye hurudi mezani akafuta na kuanza upya. Ni mafunzo mazuri, lakini yana upungufu mmoja: nyumba ya karatasi hainyeshewi. Kosa lililomo humo huondolewa kwa raba, wala hakuna mtoto anayeketi chini ya paa lake.

Kéré hakungoja amalize. Habari za kwamba shule ya kijijini kwao ilikuwa inachakaa zilimfikia akiwa bado chuoni. Mwaka 1998 yeye na marafiki zake waliunda chama cha kukusanya michango, ambacho jina lake la Kijerumani lina maana ya matofali ya shule kwa ajili ya Gando. Hivyo kazi yake ya kubuni ikawa na eneo la kweli, fedha za watu wa kweli, na mtahini asiyebembelezwa, ambaye ni mvua.

KWA NINI UDONGO?

Aliporudi kijijini na kusema shule itajengwa kwa udongo, wananchi hawakufurahi. Walijua vizuri nyumba ya udongo ni kitu gani. Kila baada ya masika hapana budi kuikandika upya, na pengine ukuta mzima huanguka. Walitazamia kwamba mtoto wao aliyekaa Ulaya kwa miaka mingi angewaletea saruji na vioo. Na wewe msomaji, ikiwa kwenu ulipotoka nyumba ya udongo ni alama ya umaskini, utawaelewa.

Lakini Kéré alikuwa amekwisha kukaa katika darasa la saruji lenye bati lililogusana na dari, akajua kwamba darasa la namna hiyo ni tanuri. Saruji ni ghali, na katika joto la Gando jengo la saruji huhitaji mashine za kupoza hewa, na mashine huhitaji umeme ambao kijiji hakikuwa nao. Udongo uko chini ya miguu ya kila mtu, na ukuta wake mnene huchelewa kupitisha joto. Kilichotakiwa ni kuondoa udhaifu wake.

Udhaifu huo uliondolewa hivi. Udongo ulichanganywa na saruji kiasi kidogo, ukashindiliwa katika mashine ya mkono ya kufyatulia tofali, ukatoa tofali ngumu na zilizo sawa. Bati likatokezwa mbali nje ya kuta, ili maji ya mvua yasizipige. Halafu bati hilo likainuliwa juu ya dari, likabebwa na kenchi za chuma. Dari yenyewe ni ya tofali hizo hizo, nayo imeachiwa nafasi za kupitisha hewa. Hewa ya darasani ikipata joto hupanda, hupenya darini, na kuchukuliwa na upepo upitao kati ya dari na bati. Nayo hewa iliyo baridi zaidi huingia kwa madirishani. Jua linapolipiga bati, joto lake huishia katika uwazi ule bila kumfikia mtoto kichwani. Hakuna mashine wala bili ya umeme.

Kenchi nazo zina hadithi yake. Gando hapakuwa na winchi ya kuinulia vyuma vizito. Basi zilitengenezwa kwa nondo za kawaida, zile zinazotiwa katika zege, zikakatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea. Vijana wa kijiji walifundishwa kazi hiyo wakaiweza. Hapo ndipo useremala wa mapaa aliojifunza mchana huko Berlin ulipokutana na usanifu.

MSARAGAMBO WA KIJIJI KIZIMA

Watu wengi wa Gando hawakuweza kusoma ramani. Msanifu alichora kwa kijiti ardhini, ili kila mtu aone ukuta utapita wapi na mlango utakuwa upande gani. Maneno yalipokuwa hayatoshi, alijenga kipande cha mfano. Tao la tofali liliposhukiwa, lilijengwa la majaribio, na watu wakapanda juu yake wakarukaruka. Lilipokataa kuvunjika, mabishano yalikwisha.

Kazi ikawa ya wote, kama tunavyoujua msaragambo. Watoto waliokota mawe ya msingi. Wanawake walibeba maji ya kufyatulia tofali. Idara ya serikali ya nchi hiyo ilisaidia kuwafundisha wafyatuaji. Sakafu za udongo zilipigwa kwa saa nyingi, wanawake wakiwa wamejipanga kwa safu na kwenda kwa mdundo mmoja, kisha zikasuguliwa kwa mawe mpaka zikawa laini. Baadaye, ilipochorwa maktaba ya shule, wanawake walileta vyungu walivyovifinyanga wenyewe. Vyungu hivyo vilikatwa, vikapangwa juu kabla ya zege kumwagwa, vikaacha matundu ya duara ambayo huingiza mwanga na kutoa hewa yenye joto. Ndivyo ufundi wa mama wa jikoni ulivyopata nafasi yake katika dari ya maktaba.

Mvua ilikuja. Kuta zilisimama. Shule iliyoanza na wanafunzi 120 ikafika 700, na ikabidi kuiongezea majengo: nyumba za walimu mwaka 2004, na madarasa zaidi mwaka 2008. Watu walioogopa udongo walirudi kutengeneza tofali nyingine bila kubembelezwa. Tena vijana waliojifunza uashi na uchomeleaji katika ujenzi huo wakaitwa kufanya kazi kwingine kwa malipo. Fedha iliyojenga shule ikawa pia imejenga mafundi.

CHETI KILIKUJA NYUMA

Kéré alimaliza masomo yake mwaka 2004, miaka 3 baada ya watoto kuingia katika madarasa aliyoyachora. Mwaka uliofuata alifungua ofisi yake huko Berlin. Tangu hapo amejenga katika nchi nyingi, na hata sisi wa Afrika Mashariki tumeipata kazi ya mkono wake: kando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ipo kampasi ya kuwafunza vijana kazi za kompyuta, iliyokamilika mwaka 2021. Ina minara mirefu inayofanana na vichuguu vya mchwa wa nchi hiyo. Minara hiyo hutoa nje hewa ya moto, ikifanya kazi ile ile ambayo katika Gando ilifanywa na bati lililoinuliwa. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu wote duniani huitamani. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Wazee wetu husema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alitunzwa mapema, kabla hajacheza, kwa senti zilizofunguliwa katika mafundo ya nguo. Baadhi ya wanawake wa namna hiyo hawakupata kukaa darasani hata siku moja, lakini walimsomesha msanifu. Nadhani ndiyo maana hakuweza kuchora jengo la kujionyesha. Mtu anayejua senti ya mwisho ilitoka kwa nani hawezi kuitumia ovyo.

Huenda nyumbani kwako, ndugu msomaji, au katika nyumba ya jirani, yupo kijana anayesomea usanifu. Utamwona akikesha na michoro yake, na huenda umepata kujiuliza mistari hiyo yote ina faida gani. Usimcheke, wala usimwogope kwa kuwa yeye ni msomi. Keti naye, mwombe akufafanulie, hata kwa kijiti uani. Kisha mwulize yale ambayo kijiji cha Gando kilimwuliza mtoto wake: mvua ikija, ukuta huu utasimama? Jua likiwaka, mtoto ataweza kuketi ndani? Na sisi tutakaoujenga, tutabaki na ujuzi gani baada ya wewe kuondoka? Akiweza kuyajibu hayo, amekwisha kuanza kuwa msanifu, hata kama mahafali yake bado.