14:06 ya Boston

Makomredi wengi mlionipongeza pale kantini Septemba iliyopita mlinipongeza kwa sababu ya namba moja: 14:06. Mita 5,000 kwa dakika kumi na nne na sekunde sita. Ilibandikwa kwenye ubao wa michezo, jina langu juu kabisa, na chini yangu jamaa wa Kilimo mwenye 14:39. Sekunde thelathini na tatu. Kwa mtu anayesoma ubao huku anakimbilia darasani, hapo hakuna mjadala.

Sasa niwaambie ile namba ilitoka wapi.

Januari ya mwaka ule nilienda Massachusetts kwa muhula mmoja, mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilifika theluji iko magotini, koti lenyewe la kuazima. Nikajua mbio zangu zimelala mpaka Mei. Lakini mwanafunzi mmoja wa pale akanipeleka kwenye jengo moja kubwa, na ndani yake mna uwanja mzima wa kukimbilia, paa juu, taa zinawaka. Tofauti ni kwamba raundi moja ni mita 200, si 400. Yaani 5,000, ambayo hapa kwetu ni raundi kumi na mbili na nusu, kule ni ishirini na tano. Kona hamsini. Nilizihesabu kitandani usiku ule na sikulala vizuri.

Uwanja huo wa kwanza ulikuwa tambarare, na ndipo nilipoelewa kwa nini watu husema mbio za ndani ni za polepole. Kona zimebana. Kwenye uwanja wa nje nusu kipenyo cha kona ni kama mita 36. Ndani ni kama 17. Ukiwa unakimbia mita sita kwa sekunde, kona ya nje inakuvuta kwa nguvu ya kama sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Ya ndani inakuvuta mara mbili ya hapo. Hujamaliza kunyooka kutoka kona moja, nyingine hii hapa, na mguu wa kushoto ndio unaolipa bili yote. Nilikimbia 3,000 kwa 8:41, nikatoka na kifundo kinachouma na kikohozi kikavu cha siku mbili. Wenyeji walinicheka. Walisema hewa ya mle ndani ni kavu, kila mtu hukohoa.

Februari wakanibeba kwenye gari lao mpaka Boston, kwenye uwanja wa chuo kikuu cha Boston. Ndani pia, mita 200 pia. Lakini pale kona zimeinuliwa upande wa nje, kama kona za barabara iliyojengwa na mtu anayejua kazi yake, kwa hiyo badala ya wewe kupigana na kona, kona inakubeba. Hakuna upepo. Joto ni lile lile kuanzia raundi ya kwanza hadi ya mwisho. Boston iko usawa wa bahari, hewa imejaa, na mimi mapafu nimeyaleta kutoka Eldoret, mita 2,100 juu. Mbele kulikuwa na mtu wa kuweka kasi, na nyuma yake foleni yetu kama ya matatu saa kumi na mbili jioni. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mgongo wa aliye mbele na kutofikiri. Sekunde 33, 34, 33, 34. Nilipoteza hesabu ya raundi kabisa. Kengele ilipolia nilishtuka.

14:06. Muda wangu bora hapa nyumbani, kwenye murram yetu, ulikuwa 14:52. Sikuwa nimegeuka mtu mwingine ndani ya wiki sita za kula pizza.

Niliporudi nilijaza fomu ya timu na kuandika 14:06, ndani ya ukumbi. Sikudanganya. Aliyekuwa akipanga orodha ya kwenda mashindano ya vyuo aliisoma, akapiga mluzi, akasema, “Kama ndani umetoa 14:06, nje si utatoa 13:50!”

Na alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mtu yeyote anayefuata riadha anazijua hesabu hizi. Kenenisa Bekele mwaka 2004 alikimbia 5,000 ndani kule Birmingham kwa 12:49.60, na miezi mitatu baadaye akakimbia nje kule Hengelo kwa 12:37.35. Daniel Komen wetu, mita 3,000: nje 7:20.67 mwaka 1996, ndani 7:24.90 mwaka 1998. Hicham El Guerrouj, 1,500: ndani 3:31.18, nje 3:26.00. Mtu mmoja, miguu ile ile, na kila mara ndani ndiko kunakochelewa. Kwa mzee Suleiman Nyambui wa Tanzania ndiyo hata nisiseme: Februari 1981 alikimbia 5,000 kwa 13:20.4 ndani ya Madison Square Garden, New York, uwanja wa mbao wenye raundi kumi na moja kwa maili moja. Piga hesabu, ni raundi zaidi ya thelathini na nne. Mimi ningetapika.

Lakini angalieni hizo “nje” ni nje gani. Hengelo, Rieti, Roma. Tambarare za chini, jioni tulivu, tartani, watu wa kuweka kasi waliolipwa. Hapo unalinganisha ndani bora na nje bora, na kona ndizo zinazobaki kuamua. Nje yetu sisi ni murram iliyochimbika raundi ya ndani kabisa, upepo wa saa nane mchana, ng'ombe wa jirani, na hewa ya mita 2,100. Ukilinganisha Boston na hapo, ndani ndiko kwenye kasi, tena kwa mbali. Vyuo vya Marekani vinalijua hili mpaka vina majedwali: aliyekimbia ndani kwenye uwanja tambarare hupunguziwa sekunde ili alingane na wa kona zilizoinuliwa, na aliyekimbia mbio ndefu nyanda za juu naye hupunguziwa. Ile 14:39 ya jamaa wa Kilimo, iliyokimbiwa hapa hapa na raba zilizotoboka, ingesomwa huko kama muda mwingine kabisa.

Haya yote niliyajua siku ile nikiwa nimesimama mbele ya meza. Nilijua pia jambo rahisi zaidi, kwamba katika miaka miwili ya kufanya mazoezi pamoja sijawahi kumshinda huyo jamaa hata mara moja. Nafasi ilikuwa moja. Nikasema, “Tutajaribu, mkubwa,” nikachukua tracksuti.

Yeye hakulalamika. Usiku wa kuamkia safari alikuja chumbani kwangu, akaokota spaiki zangu nilizonunua Boston, akazigeuza. “Buda, hizi pini ni za wapi?” Zilikuwa za milimita 6, za kukimbilia ndani, kwenye udongo ni kama umevaa sandali. Akatoka, akarudi na viatu vyake, akakaa kwenye kitanda changu na kuzifungua pini zake ndefu moja moja na spana ndogo, kisha akazikaza kwenye viatu vyangu. Alipomaliza akanitakia safari njema.

Nilikimbia 14:58. Nafasi ya tisa. Raundi ya saba nilikuwa tayari natafuta mgongo wa kufuata na hakukuwa na mgongo wowote karibu.

Niliporudi aliniuliza muda, nikamwambia, akasema, “Uwanja ulikuwa mbaya?” Nikasema ndiyo. Ulikuwa wa kawaida tu.

Orodha ya msimu huu inaandikwa wiki ijayo. Nimekwenda kwa anayeiandika, nimemwomba afute 14:06 mbele ya jina langu aandike 14:58, au kama hataki, atupe mchujo Jumamosi asubuhi kwenye murram. Amesema ataangalia. Kwa hiyo jamaa wangu atayasoma haya hapa kabla sijapata ujasiri wa kumwambia uso kwa uso. Pini zake bado ninazo. Jana nimezunguka bweni zima nikitafuta ile spana.