Goti la Mama

Mama anafuga ng'ombe Njombe, na ana shamba la mahindi. Pesa zilitosha kununua trekta moja tu.

La gia huvuta plau vizuri: nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu bila kupotea sana. La haidrostati husukumwa na mafuta yenye mgandamizo. Nguvu nyingine huishia kuwa joto, na dizeli huliwa zaidi. Lakini mbele na nyuma ni pedali tu, bila klachi.

Kulima ni siku chache kwa mwaka. Kuzoa samadi ni kila asubuhi: ingia, rudi, mwaga, ingia tena. Na klachi ni ya mguu wa kushoto, wenye goti bovu.

Kaka akapiga hesabu ya dizeli. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Trekta la kulimia tutakodi, baba. Goti nitalikodi kwa nani?"