Kisu kinachokunjwa, na swali la mama wa mwanafunzi



Wiki mbili zilizopita, baada ya mkutano wetu, mama mmoja aliona kisu kidogo kikianguka kutoka sakoshi yangu. Akashtuka: “Mama mwalimu, na wewe unatembea na kisu?” Wengine walicheka, wengine walinyamaza. Nikaahidi nitaandika hapa, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu, na ilianza kwa aibu yangu.

Nafundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Darasani nina watoto zaidi ya hamsini, na kalamu za risasi zinavunjika kila saa. Vichongeo vya plastiki vinauzwa sokoni, lakini haviishi hata wiki mbili: kiwembe chake kinakuwa butu, kinakula kalamu yote bila kutoa ncha. Ndiyo maana watoto walizoea kuja na wembe. Mmoja analeta wembe mzima, wanauvunja vipande viwili, na vile vipande vinazunguka benchi kwa benchi. Nilikuwa naona. Sikukataza. Mimi mwenyewe nilikuwa na nusu wembe ndani ya sanduku la chaki.

Siku moja kabla ya mtihani, mtoto mmoja alikatika kidole cha shahada, sana. Damu ilimwagika juu ya daftari. Tulimfunga kwa kitambaa safi tukampeleka kushonwa. Jioni mama yake alikuja kwangu. Nilingoja anitukane, hakunitukana. Alikaa, akauliza neno moja tu: “Madamu, wembe ule ulipita katika mikono ya watoto wangapi? Na wale wengine, hawakujikata mbele ya mtoto wangu?”

Sikuwa na jibu. Mimi niliyesoma ISP Bunia, mimi ninayefundisha somo la usafi, ninayewaambia watoto kwamba damu ya mtu isiguse kidonda cha mwingine, nilikuwa nimeacha wembe mmoja uzunguke darasa zima. Tulirudi naye kwa muganga, naye akatueleza vipimo vya kufanya na siku za kurudi. Tulingoja miezi. Matokeo yalikuwa mazuri, Mungu asifiwe. Lakini ile miezi, kila nilipomwona yule mama njiani, niliinamisha uso.

Hapo nilikata shauri: wembe hautaingia tena darasani kwangu. Kalamu zote nitazichonga mimi, asubuhi, kwa kisu changu. Kisu cha jikoni hakiwezi kutembea ndani ya sakoshi pamoja na madaftari, kitatoboa kila kitu. Basi lazima kiwe kisu kinachokunjwa.

Nilipomwambia mama yangu mzazi, aliweka sahani chini. Ninyi mliozaliwa hapa mnajua kwa nini. Septemba 2002 nilikuwa msichana mdogo. Tulitoka Nyankunde usiku, tukatembea kwa miguu siku nyingi mpaka Oicha. Nilichokiona mbele ya hapo sitakiandika katika gazeti letu. Kila nyumba ina hesabu yake. Tangu siku zile mama hapendi kuona chuma chenye makali mkononi mwa mtu ambaye hayuko jikoni au shambani. Aliniambia: “Kisu cha jikoni kinalala jikoni, kila mtu anakiona. Panga linalala pembeni ya mlango, kila mtu analiona. Hicho kinachojificha mfukoni, kinamtafuta nani?”

Nilimjibu kwamba kinatafuta kalamu za watoto. Hakusema kitu tena. Lakini siku ile hakula.

Kisu changu cha kwanza nilikinunua haraka, kwa muuzaji anayetembeza vitu vyake barabarani. Kilikuwa king’aacho, kina tochi ndogo kwenye mpini, kina na kifungulia chupa. Bei ilikuwa ya chini, nikafurahi. Siku ya tatu, nilipokuwa nakisukuma ndani ya kalamu ngumu, ubao wa chuma ulijirudia wenyewe, ukafunga juu ya kidole changu. Alama iko hadi leo. Nilipoketi kukichunguza, nikajua kosa langu. Hakikuwa na kitu cha kushikilia ubao ukishafunguliwa. Msumari unaounganisha ubao na mpini ulikuwa umelegea tayari. Nilikuwa nimenunua tochi, sikununua kisu.

Ndipo nikaanza kujifunza, kama mwanafunzi. Nilipokwenda Bunia kwa moto, kilomita kama 45, kutafuta mshahara, nilikuwa nabakiza saa moja ya kuzunguka soko na kuuliza. Wauzaji walinizoea: “Madamu wa visu amekuja.”

Mmoja wao alinitolea kisu kinaitwa Okapi. Moyo wangu uliruka! Okapi ni mnyama wetu. Anaishi msitu wa Ituri, na wazee wa msituni walimjua zamani sana, mbele ya wazungu kumwandika katika vitabu vyao mwaka wa 1901. Mwaka uliofuata, 1902, Wajerumani walianza kutengeneza kisu chenye jina hilo ili kukiuza katika makoloni yao ya Afrika. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Mpini wake ni wa mbao, umepambwa kwa mwezi na nyota, na kina pete ndogo ya kuvuta ili ubao ukunjike. Ni kisu cha watu wa kazi, hakina kiburi, na bei yake haiumi sana.

Nilikifungua. Kikalia: trrr-trrr-trrr, kama jino linalosagwa. Watu watatu waligeuka kunitazama. Ubao ulikuwa mrefu kuliko kiganja changu, na ncha yake kali kama sindano. Nikamwona mama yangu akisikia sauti ile gizani. Nikamrudishia muuzaji. Kwa mwanaume anayechunga ng’ombe au anayefanya kazi porini, ni kisu kizuri. Kwa madamu anayeingia darasani, hapana. Nilijifunza kwamba kisu kizuri si lazima kiwe kizuri kwako.

Kile nilichonacho leo kinaitwa Opinel. Shemeji yangu alikipata Kampala nikamrudishia pesa yake kwa mara tatu. Kilianzia Savoie, milima ya Ufaransa, mwaka wa 1890. Kijana Joseph Opinel alikitengenezea wakulima na wachungaji wa kwao. Mpini ni kipande kimoja cha mbao. Shingoni kuna pete ya chuma: ukishafungua ubao unazungusha pete, na ubao hauwezi tena kurudi juu ya vidole. Pete hiyo waliiongeza mwaka wa 1955. Visu vyao vina namba kufuatana na ukubwa. Changu ni namba 7, ubao wake ni sentimita 8, na ncha yake ni ya mviringo kwa sababu kilifikiriwa kwa watoto wanaojifunza kukata. Wanaume wa nyumbani walinicheka: kisu bila ncha! Lakini kuchonga kalamu, kumenya chungwa, kukata kamba ya gunia, kukata kitambaa, hakuna kazi yangu hata moja inayohitaji kudunga. Na mama alipoiona ile ncha ya mviringo, kwa mara ya kwanza aliomba akishike.

Wengi mmeniuliza mchague vipi. Nawaambia yale niliyolipia kwa kidole.

Kwanza, kifungue, kisha sukuma mgongo wa ubao taratibu kama unataka kuufunga. Kama kinarudi kirahisi, kinafaa chungwa tu, hakifai kazi ya nguvu. Visu vyekundu vya Uswisi, Victorinox, vile vidogo havina cha kushikilia ubao, lakini vina mkasi mzuri sana. Mama mshonaji atakipenda. Ujue tu usikisukume kwa nguvu.

Pili, shika ubao utikise kushoto na kuume. Usicheze. Kisha kikunje uangalie: makali yote na ncha vizame ndani ya mpini. Kama ncha inachungulia nje, siku moja itauma mkono unaotafuta funguo ndani ya sakoshi.

Tatu, uliza chuma. Kuna chuma cha kawaida, ambacho kinanoleka vizuri lakini kinaingia kutu, na ukikata limau au nanasi kinageuka cheusi. Kuna kisichoshika kutu. Mara nyingi kimeandikwa INOX. Kwa sisi wenye mvua nyingi na mikono yenye maji, mimi nachagua INOX. Lakini neno hilo linaandikwa hata juu ya visu vibaya, basi usinunue kwa kusoma tu.

Nne, urefu. Ubao usiopita upana wa kiganja chako unatosha. Mrefu zaidi unaleta maswali.

Na maswali yako. Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya uongozi wa wanajeshi, na njiani tunapita barieri. Siku moja waliangalia sakoshi yangu, kijana akakiinua kisu juu: “Mama, hiki ni cha nini?” Moyo ulinidunda. Nilitoa kalamu tano zilizovunjika ncha, nikamwomba ruhusa, nikachonga moja mbele yake. Akaitazama, akaniambia ana mtoto wa umri huo Equateur. Akanirudishia. Ninajua siku nyingine inaweza kwenda vingine. Basi kisu changu kinakaa ndani ya kifuko kimoja na kalamu na chaki, hakikai mfukoni mwa nguo. Nikiulizwa nasema mbele hawajakikuta. Safari isiyo ya kazi, nakiacha nyumbani. Na kama unapanda ndege, usikiweke katika sakoshi ya mkononi, kitabaki pale uwanjani.

Kukitunza si kazi kubwa. Nakinoa juu ya jiwe laini lenye maji, ubao umelala karibu na jiwe, mgongo umeinuka kidogo tu, pande zote mbili kwa hesabu sawa. Msiogope makali: kisu butu ndicho kinachokata mikono, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu halafu kinateleza. Mpini wa mbao usiuloweshe ndani ya beseni. Mbao inavimba, kisu kinagoma kufunguka. Kwenye maungio natia tone moja la mafuta ya cherehani. Nilijaribu mawese zamani, yakaganda yakakusanya vumbi. Na kazi moja sitafanya nacho kamwe: kukata kitovu cha mtoto mchanga. Kazi hiyo ni ya muzalishaji na wembe mpya ambao haujafunguliwa. Hata kama tuko njiani na hospitali ni mbali, tafadhali, wembe mpya uwe ndani ya kikwembe cha mama mjamzito.

Sasa kila asubuhi nafika darasani mbele ya kengele. Watoto wananipangia kalamu juu ya meza, nachonga, wanahesabu kwa sauti. Nikimaliza, nazungusha pete, nakunja, nafunga ndani ya kabati, funguo inabaki shingoni mwangu. Wembe haujaonekana tena. Yule mama wa mtoto alipita siku moja kuleta mchango wa shule, akasimama mlangoni akitazama mpaka kalamu ya mwisho. Hakusema kitu. Aliniletea lenga-lenga kesho yake.

Mama yangu amechelewa zaidi. Mwezi uliopita mjukuu alilia anataka chungwa, na kisu cha jikoni kilikuwa shambani na wadogo zangu. Mama alinyosha mkono bila kunitazama. Nikampa kisu kimekunjwa, kama inavyotakiwa kumpa mtu. Alizungusha pete mara mbili, tatu, akiisikiliza; haina kelele. Alimenya chungwa lote bila kukata ngozi yake, akampa mtoto. Kisha akapangusa ubao kwa kikwembe, akakikunja, nikanyosha mkono nikirudishe kwenye sakoshi.

Alikataa. Alikiweka katikati ya meza, karibu na taa.

“Kikiwa nyumbani,” akasema, “kilale hapa. Nikione.”

Basi ndipo kinapolala. Asubuhi nakichukua mbele yake, namwambia “Mama, nimekibeba,” naye ananijibu “Ukirudishe.” Kila siku hivyo. Wale mnaotaka kuja kukiona mbele ya kununua cha kwenu, mnakaribishwa nyumbani kwetu. Mtakikuta juu ya meza.