Pikipiki Yangu na Njia ya Msituni

Mimi ni karani wa parokia hapa Kirando, na pikipiki ndiyo inayonifikisha vigangoni. Lakini siku za sikukuu huipanda kwa furaha tu. Usinicheke, ndugu yangu: mtu aliyeshinda juma zima akinakili majina ya ubatizo hutamani kupanda mlimani, apumue hewa ya miombo na kulitazama Ziwa Tanganyika toka juu.

Mwaka juzi, Jumatatu ya Pasaka, tulikwenda watu watatu, kila mmoja na pikipiki yake, hata kwenye msitu mmoja wa Serikali huko juu Ufipa. Mlinzi akatuzuia. Alisema pikipiki ni za wachoma mkaa na wapasua mbao. Tulikuwa bado twamsihi, likaja gari kubwa la wageni. Wakaonyesha kibali, kizuizi kikainuliwa, wakapita. Nawaambieni kweli, moyo uliniuma. Msitu wa umma ni wa nani, ikiwa magurudumu manne yanapita na mawili yanakataliwa? Wala hakuna aliyetuambia kwamba nasi twaweza kuomba kibali.

Kwa hasira tukarudi, tukaingia msitu wa kijiji, usio na kizuizi wala mlinzi. Tukaipanda njia ya miguu moja kwa moja mpaka juu, matairi yakichimba udongo uliolowa. Lo, tulifurahi! Kumbe mvua za msimu uliofuata zilishika njia ileile ya matairi yetu zikaifanya korongo, na kijito wanapoteka maji akina mama kikajaa tope jekundu. Hapo nilimkumbuka yule mlinzi. Alikosea kutupima kwa chombo tulichopanda, lakini hofu yake juu ya msitu haikuwa ya bure.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Katika msitu wake, kijiji chaweza kutunga sheria ndogo. Basi si lazima kuwangoja wakubwa. Kwenye mkutano wa kijiji niliomba itengwe njia moja ya pikipiki, mbali na kijito, nayo ifungwe wakati wa mvua, Novemba hata Aprili. Na kanuni iwe moja kwa mwenye gari, kwa kijana wa bodaboda na kwa mgeni. Apitaye kwa miguu apishwe kwanza.

Mama mmoja akasimama. "Karani, maneno yako ni mazuri. Na lile korongo, nani atalifukia?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa uso ulinishuka. Shauri la njia likaahirishwa mpaka mkutano ujao. Jumamosi yake tulipanda sisi watatu, kwa miguu safari hii, na majembe begani, tukapanga mawe na kuinua matuta ya kuzuia maji. Sasa ni Jumamosi ya nne, na hatujafika hata nusu ya mlima.