Bukavu: Anataka kumuoa Mkatoliki, lakini hataki ubatizo wa kutafuta bibi

Mahari ilikwisha kutolewa, na siku ya kwenda komine ilikwisha kupangwa. Kilichobaki ni kanisa, na hapo ndipo mambo yalikwama.

Msichana ni Mkatoliki wa Kadutu, mwimbaji wa kwaya tangu utoto. Kijana ni fundi wa umeme. Hakubatizwa, hasali popote, na hafichi kwamba haamini. Kwenye shirika, wamama walitoa shauri la haraka: aingie katekesi, abatizwe, kisha kila mtu aendelee na yake. Si shauri jipya. Wanaume wengi wamepitia njia hiyo, na baada ya arusi padri hakuwaona tena.

Huyu alikataa. Alimwambia mama mkwe: «Mama, nikipokea maji na moyo haupo, nitakuwa nimewadanganya ninyi wote. Na kama Mungu wenu yuko, hata yeye.»

Mama alikasirika. Lakini ni nani aliye na heshima zaidi kwa ubatizo, huyu au wale wa cheti?

Msichana ndiye aliyebeba mzigo. Akiishi na bwana wa komine tu, hatapokea komunyo. Kila jumapili wenzake wa kwaya watapanga mstari, yeye atabaki kwenye benchi, na kila mtu atajua sababu. Kwa wiki kadhaa alilia usiku, mchana anaimba.

Kumbe sheria ya Kanisa haidai kijana abatizwe. Kanuni ya 1086 inasema kuwa ndoa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa ina kizuizi, lakini askofu anaweza kukiondoa kwa kutoa ruhusa. Mkatoliki anaahidi kulinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa. Mwenzake hatii sahihi ahadi hiyo; anajulishwa tu. Zamani wote wawili walipaswa kuahidi, mpaka Papa Paulo VI alipobadilisha jambo hilo mwaka 1970. Wote wawili wanafundishwa kwamba ndoa ni ya mke mmoja na haivunjwi. Ndoa hiyo ni halali, ingawa si sakramenti, na kwa kawaida inafungwa bila misa.

Haya yote waliyasikia kwa paroko, siku walipoamua kwenda wenyewe. Watu wa shirika hawakuwa wameyataja. Paroko hakuficha ugumu: siku mtoto atauliza kwa nini baba haendi kusali, watajibu nini? Kijana alisema atajibu ukweli, na hatamzuia mtoto kumfuata mama yake. Msichana alinyamaza kwanza, kisha akasema hilo ndilo linalomtisha kuliko benchi.

Barua ya kuomba ruhusa imekwenda kwa askofu. Jibu bado. Mama ameuliza jambo moja tu, kama msalaba utatundikwa nyumbani. Kijana amejibu kwamba msumari ataupiga yeye mwenyewe.