Picha Iliyobaki Kichwani

Kiswahili kina neno moja, picha, kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingine huvitenga. Picha ni ile iliyotundikwa ukutani. Na picha ni ile pia ambayo watu huenda kuitazama usiku, yenye watu wanaotembea na kusema. Wataalamu wetu wametupatia picha mnato na picha jongefu, nayo ni maneno mazuri. Lakini ukimtajia mzee picha, yeye ndiye atakayeamua umekusudia ipi. Kazi ya wanafunzi ninayotaka kuieleza hapa ilizaliwa na neno hilo.

Niliwataka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hapa Nyahanga mjini Kahama, walete picha za zamani kutoka makwao, tuzitumie katika somo la historia. Wachache walileta. Mji huu una wahamiaji wengi. Wengine walivutwa na biashara, na wengine na dhahabu ya Bulyanhulu, iliyoanza kuchimbwa na mgodi mkubwa mwaka 2001, au ya Buzwagi, ambako uzalishaji ulianza mwaka 2009 ukakoma mwaka 2021. Na mtu ahamaye hubeba sufuria na godoro kabla ya kukumbuka albamu. Basi wanafunzi wengi walirudi mikono mitupu, ila walirudi na maneno. Mmoja alisema, "Mwalimu, babu anasema picha anayo, lakini ni ile aliyoiona kwenye gari la sinema."

Darasa lilicheka. Mimi nilimwambia arudi akamwulize babu yake alichokiona.

Gari la sinema lina historia ndefu katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Zilizungushwa kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na nyingine za jirani, na sauti yake ilitoka katika santuri. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliendelea na kazi hiyo. Marehemu Rashidi Kawawa alikuwa miongoni mwa vijana waliozunguka na sinema hizo, naye ndiye aliyekuwa mchezaji mkuu katika filamu ya Muhogo Mchungu ya mwaka 1952. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wanafunzi hawakuliamini jambo hili mpaka nilipowaonyesha kitabuni. Baada ya uhuru likaundwa Shirika la Filamu Tanzania, mwaka 1968, na filamu zikaanza kusimuliwa na sisi wenyewe.

Wanafunzi walipowahoji wazee, tuligundua jambo moja. Hapana hata mzee mmoja aliyeweza kusimulia filamu nzima. Kila mmoja alikuwa amebakiwa na picha moja tu, iliyosimama kichwani mwake kama iliyokatwa kwa mkasi kutoka katika utepe. Babu wa yule mwanafunzi alimkumbuka mtu mwenye kofia, aliyesimama mlangoni mwa behewa la treni akiwaaga watu kwa mkono wa kushoto. Maisha yake yote mzee alishangaa jinsi mtu aliyevaa vizuri namna ile alivyokosa adabu. Tulipomdodosa zaidi alisema kwamba siku ile watoto hawakupata nafasi mbele, hivyo waliketi nyuma ya shuka. Upande huo kila kitu hugeuka: wa kulia huwa wa kushoto, na maandishi husomeka kinyume. Mtu yule alikuwa na adabu zake zote.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya kufanya. Kila mwanafunzi achague kumbukumbu moja ya mzee wake, naye aitengeneze iwe picha mnato moja, kana kwamba ni kipande cha filamu. Sikuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mfaransa Chris Marker alitengeneza mwaka 1962 filamu fupi, La Jetée, iliyoundwa karibu yote kwa picha mnato; nayo yahusu mtu aliyeshikwa na picha moja ya utotoni isiyomtoka. Naye Cindy Sherman wa Marekani, kati ya mwaka 1977 na 1980, alijipiga picha akiwa amejivika kama wanawake wa katika filamu, ijapokuwa filamu hizo hazikuwahi kuwapo. Hayo niliwaeleza wanafunzi kwa ufupi. Kahama haihitaji kuiga New York.

Tulikuwa na kamera moja ya kuazima. Mjukuu wa yule mzee alimpiga mwenzake picha mlangoni mwa basi bovu, kisha akaigeuza kabla ya kuisafishisha studio, ili mkono uwe wa kushoto kama babu alivyouona. Nilimwuliza kwa nini asiisahihishe. Akajibu kwamba akiisahihisha itakuwa picha ya filamu, na yeye ametumwa picha ya babu.

Hata hivyo, kazi ya namna hii ina hatari, wala si ndogo. Picha ya kutengenezwa hufanana sana na picha ya kweli, na baada ya miaka thelathini mtu atakayeiokota hatajua tofauti. Kwa hiyo tuliweka sharti: nyuma ya kila picha iandikwe nani anakumbuka, nani anaigiza, na ilipigwa lini na wapi. Picha isiyo na maandishi hayo haikupokewa.

Aliyenisumbua akili zaidi ni msichana mmoja ambaye bibi yake alikumbuka mwaka 1974. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka uliotangulia kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini, na katika Mkoa wa Shinyanga operesheni ilikuwa imepamba moto. Kumbukumbu ya bibi ni mumewe akiung'oa mlango wa nyumba na kuubeba kichwani, kwa sababu ulikuwa wa mbao nzuri, wa fundi, na lori halikuwa na nafasi. Mwalimu mwenzangu aliona heri jambo hilo liachwe, asije mtoto akadhani vijiji vilikuwa ni kubomoa tu. Nilimjibu kwamba shule nyingi za msingi zimesimama katika vijiji hivyo, nasi twalifundisha hilo kila mwaka. Na mlango nao ulibebwa. Sioni kwa nini moja limfukuze mwenzake.

Tulikwenda nyumbani kwa bibi na mvulana mmoja wa darasa, tukamtwika ubao. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi aliketi akatutazama tukipanga. "Mjukuu wangu," alisema, "huyu anacheka. Babu yako hakucheka." Mvulana akanyamaza. Bibi akatikisa kichwa: shingo yake imenyooka mno, anatembea kama ajuaye aendako. Tulijaribu tena, na tena. Mwishowe alisimama, akasema tumpumzishe mtoto wa watu, akatuongoza hadi jikoni. Mlango wenyewe ulikuwa pale, umepunguzwa upande mmoja ili uingie, umefungwa kwa kamba.

Msichana aliupiga picha mara moja tu. Nyuma yake ameandika: "Mlango wa babu. Anayekumbuka ni bibi. Picha imepigwa jikoni, Nyahanga. Aliyeubeba hayumo, kwa kuwa bibi hakuridhika na yeyote."