Waliotulisha Dar es Salaam

Habari za mahali pa kula hapa Dar es Salaam hazikauki siku hizi. Leo mgahawa mpya umefunguliwa Masaki, kesho ule wa Sinza umehamia Mbezi, keshokutwa binti fulani ameacha kazi hotelini na anapika biriani nyumbani kwake Tabata, oda kwa simu kabla ya saa nne asubuhi. Wajukuu zangu wanazifuata habari hizo kama wanavyofuata za Simba na Yanga. Nami nazisikiliza kwa moyo mweupe, maana mji unaokula vizuri ni mji wenye uhai. Ila kuna kizazi ambacho sikisikii kikitajwa, nacho ndicho kilichoifanya biashara hii ya kupikia watu iwe ya kila mtaa na kila mfuko. Nawasemea akina mama waliotua masufuria yao kando ya barabara mwishoni mwa miaka ya sabini na katika miaka ya themanini.

Kabla yao, kula nje hakukuwa jambo la mfanyakazi wa kawaida. Zilikuwepo hoteli za Wahindi na Waarabu Kariakoo na Kisutu, chai ya maziwa na sambusa, na pilau kwa mwenye nazo. Sisi wa viwandani Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, tulikula kantini. Sahani ya ugali na maharage, siku nyingine nyama, bei iliyopunguzwa na kiwanda. Hatukuona kwamba siku moja ingekwisha.

Ikaja miaka ile. Ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta kupanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kisha vita vya Kagera. Aliyezaliwa baadaye amesoma habari hizo shuleni kama siasa. Sisi tulizijua kwa tumbo. Mtu alipanga foleni ya sukari bila kujua kama sukari yenyewe imefika. Tukala unga wa mahindi ya njano kutoka nje, na watu wakauita unga wa Yanga. Mshahara ulikuwa palepale huku bei zikikimbia, ukaanza kuisha kabla mwezi haujafika katikati. Kantini nyingi zikabaki na meza na viti tu. Mabasi yalikuwa machache, kwa hiyo hapakuwa na suala la mtu kwenda kula nyumbani Magomeni au Temeke mchana akarudi kazini.

Hapo ndipo walipotokea akina mama hao, mama ntilie. Asubuhi ungemkuta mama ameweka mafiga matatu nje ya geti la kiwanda, sufuria la maharage, sufuria la wali, ndoo ya maji, na ubao uliowekwa juu ya matofali kuwa benchi. Wengi wao hawakuwa wageni. Walikuwa wake za wenzetu, mke wa fundi mitambo, mke wa karani wa bohari, ambao waliona mshahara wa mume haufiki na wakaamua kutumia walichokijua. Mtaji ulikuwa kilo chache za mchele na upatu wa wanawake wa mtaani. Hapakuwa na benki wala mradi wa mfadhili nyuma yao.

Na serikali haikuwapenda. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na asiye na kazi inayotambulika alihesabiwa kuwa mzururaji wa kurudishwa shamba. Mama anayelisha watu mia kwa siku hakuwa na kitambulisho cha kazi. Niliona sufuria la maharage yaliyoiva likimwagwa mtaroni, na mwenye maharage akaokota sufuria lake, akalifuta kwa kanga, akaondoka bila neno. Kesho yake alirudi. Nimewaona mashujaa wengi wakipigiwa makofi katika maisha yangu, na sikumbuki aliyenigusa moyo kama huyo.

Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwishoni mwa 1985 na milango ya biashara ikalegezwa, wao walikuwa tayari wameshaijenga biashara yao bila ruhusa ya mtu. Miaka ya tisini viwanda vikabinafsishwa, wanaume wakapunguzwa kazini kwa maelfu, na katika nyumba nyingi sufuria la mama ndilo lililobaki likilipa kodi na ada. Nawajua madaktari na wahandisi wa jiji hili waliosomeshwa kwa wali maharage. Baadhi yao hawapendi kulisema hilo mbele za watu. Ningependa walitangaze.

Nataka niseme kuhusu daftari, maana vijana hawalijui. Kila mama ntilie alikuwa na daftari la shule, limekunjamana kwa mafuta na moshi. Humo aliandika jina lako na ulichokula, nawe ukalipa mwisho wa mwezi. Mshahara ukichelewa, naye alichelewa pamoja nawe. Alijua nani ana mgonjwa nyumbani, nani ameanza ulevi, nani amepungukiwa hata na nauli. Alikuwa na uwezo wa kukunyima, na mara nyingi hakukunyima. Leo pale kwenye banda kuna kibao cha lipa namba. Unapiga tarakimu, fedha inaingia, mnaachana. Ni salama zaidi kwake, hatapeliwi na mtu aliyehamishwa kazi bila kuaga, na kwa hilo nashukuru. Lakini mwenye njaa ambaye simu yake haina salio hana pa kuandikwa.

Kingine walichofanya hakijapata kuandikwa inavyostahili. Katika benchi moja alikaa Mzaramo, Mchaga, Msukuma, Mmakonde na Mnyakyusa, wakala sahani zilizotoka sufuria moja. Reli ya Tazara ilipoanza safari katikati ya miaka ya sabini, mchele wa Kilombero na wa Mbeya ulipata njia nyingine ya kufika mjini. Dagaa walitoka Kigoma na Mwanza, ndizi zilishuka kutoka Kilimanjaro, na kisamvu cha nazi kilikuwa cha hapahapa pwani. Mtu aliyekua akiamini kwamba pasipo ndizi hapana chakula alijifunza kula ugali na perege, na mtu wa pwani akajua ladha ya mtori. Tulifundishwa umoja wa taifa katika hotuba nyingi, lakini tumbo langu lilifundishwa pale.

Sasa vijana. Siwezi kuungana na wazee wenzangu wanaosema chakula cha leo ni cha kupigia picha. Nimekula kwa vijana hawa. Wana usafi ambao sisi hatukuudai, wanavaa kofia na aproni, wanaandika hesabu zao, wanajua gharama ya kila sahani. Mmoja wao aliyeanza na chipsi mayai kituoni kwa karai moja, leo ameajiri wenzake sita na ana pikipiki ya kupeleka oda. Hiyo ni kazi ya kweli. Linaloniuma ni pale kijana anapofungua mgahawa wenye kiyoyozi, akauza kisamvu na samaki wa nazi kwa bei mara kumi ya bandani, huku mwanamke aliyemfundisha kupika akiwa jikoni nyuma, kwa ujira wa siku. Jina lake liandikwe mlangoni. Apewe fungu katika biashara.

Moshi pia usemwe. Wengi wa akina mama wale wamezeeka na macho mekundu na vifua vibovu kwa miaka ya kuni na mkaa. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa nguvu zote. Ila anayeupanga ajue jambo moja ambalo kila mama ntilie analijua: mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa fedha ya leo, na mtungi wa gesi unataka fedha ya mwezi mzima kwa mkupuo. Gesi ikiuzwa kidogokidogo kwa kila mpishi wa barabarani, mkaa utaondoka wenyewe.

Lakini tatizo kubwa kuliko yote ni mahali pa kukaa. Mwaka 2021, wakati wamachinga walipokuwa wakiondolewa barabarani, wapishi waliondolewa pamoja nao, kana kwamba sahani ya wali ni sawa na suruali ya mtumba. Mwenye suruali anaweza kufuatwa na mteja hadi soko la mbali. Mfanyakazi mwenye nafasi ya nusu saa hawezi kumfuata mpishi. Chakula lazima kiwe pale watu wanapofanya kazi. Halafu kila kipindupindu kinapozuka, kama kile cha 2015, lawama ya kwanza inamwangukia mpishi wa barabarani, ambaye hajawahi kupewa bomba la maji wala mfereji wa kumwagia maji machafu.

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri imerudi, asilimia nne kati yake ikiwa ya wanawake, na ni jambo jema. Mkopo bila mahali, hata hivyo, ni deni tu. Kwa hiyo naliomba Jiji la Dar es Salaam, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni: kila mnapochora ramani ya kituo cha mabasi, soko, hospitali au ofisi mpya, choreni humo sehemu ya wapishi, yenye paa, bomba, mfereji na choo, iwe na kodi ambayo muuza wali maharage anaimudu. Na kwenye orodha ya watakaopewa, anzeni na wale waliokuwepo hapo kabla ramani haijachorwa.